Kabla gari halijafika: raia wa kujitolea na Jeshi la Zimamoto kusini

Moto ule ulianzia jikoni, kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba ya bati, katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Ulikuwa mchana wa kiangazi, kusi inavuma bila kupumzika. Yowe lilipopigwa, watu kama thelathini tulikuwa tumeshafika kabla hata mwenye nyumba hajamaliza kutoa magodoro. Vijana wawili wakapanda paa la jirani na kuanza kung'oa makuti kwa mikono mitupu ili moto usipate pa kuvukia. Akina mama wakajipanga mstari, ndoo zikapita kutoka mapipa ya nyumba tatu. Mtu mmoja akakumbuka kupiga simu.

Gari likaja, na lilitoka mbali. Likamwaga maji, moto ukapungua, kisha maji yakaisha kabla moto haujafa. Hapo watu wakaanza kupiga kelele: wamekuja bila maji! Askari nao, kwa kuogopa ukuta ungeanguka, wakatusogeza nyuma na kufunga kamba.

Nyuma ya msikiti, hatua chache tu kutoka pale, palikuwa na kisima cha kuvunia maji ya mvua. Kina mfuniko, kina kufuli. Mimi nilijua kipo. Mwenye ufunguo alikuwa amesimama karibu yangu. Hatukusema kitu, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na kwa sababu tulikwishaambiwa raia wakae mbali. Nyumba ya pili nayo ikaungua.

Siku ile nilirudi nyumbani nikitafuta wa kumlaumu, na sijampata mpaka leo. Askari walifanya walichofunzwa. Vijana wa kwenye paa walifanya walichoona wazee wao wakifanya. Pande zote mbili zilikuja kuokoa nyumba ileile, ila hakuna aliyemjua mwenzake wala aliyejua mwenzake ana nini mkononi. Makala hii inahusu pengo hilo: raia anayejitolea kuzima moto ana uhusiano gani na jeshi lenye kazi hiyo, na kwa nini uhusiano huo ni mgumu kila mahali duniani, si huku kwetu peke yake.

Tuanze na lile la "kuja bila maji", maana ndilo linalovunja imani kuliko mengine yote. Chukua gari lililobeba lita 5,000. Mpira mmoja wa kuzimia moto ukifunguliwa sawasawa unaweza kutoa lita 400 au 500 kwa dakika. Piga hesabu: ndani ya dakika 10 hivi tangi limekauka. Ikifunguliwa mipira miwili, ni dakika 5. Mtu anayetazama kwa uchungu nyumba yake ikiungua haoni hesabu hiyo. Anaona gari kubwa jekundu limenyamaza. Kazi ya gari ni kuupiga moto pigo la kwanza wakati maji mengine yanatafutwa. Mjini yanatafutwa kwenye haidranti, vile vichwa vya maji ya zimamoto vilivyoungwa kwenye bomba kuu. Newala na Tandahimba, ambako maji ya kunywa yenyewe husukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni hadi juu ya uwanda, na nyumba nyingi huishi kwa maji ya mvua yaliyowekwa visimani, hesabu hiyo inategemea mtu anayejua kisima cha nani kina maji mwezi huu. Mtu huyo ni mwenyeji, na hakuna ramani ofisini itakayomzidi.

Halafu kuna umbali. Mtwara mjini hadi Masasi ni kama kilomita 200. Kutoka Lindi mjini hadi Liwale ni zaidi ya hizo, na sehemu ya njia hiyo wakati wa masika hugeuka tope. Mkoa wa Lindi una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 65,000 na watu karibu milioni 1.2 kwa sensa ya 2022. Mtwara ni ndogo kwa eneo lakini ina watu zaidi ya milioni 1.6. Hata wilaya ikiwa na kituo na gari zima, kijiji cha mwisho bado kitakuwa mbali. Chumba chenye godoro la sponji na makochi kinaweza kushika moto chote kwa mpigo ndani ya dakika tano tu tangu moto uanze. Paa la makuti halingoji hata hizo. Kwa hiyo kusini mwa nchi hii swali la kama raia washiriki kuzima moto lilikwisha kujibiwa zamani: wanashiriki kila siku. Lililobaki ni kama washiriki wakiwa wanajulikana au wakiwa umati.

Kwa upande wa sheria, mwenye kazi ni mmoja. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji, kila mji na wake. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliviunganisha kuwa jeshi moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lenye vyeo, sare na nidhamu ya kijeshi. Namba yake ni 114. Lilifanya vyema kuwa moja, kwa sababu mafunzo na amri vinafuata mstari mmoja kutoka makao makuu hadi wilayani. Lakini jambo moja lilibadilika kimyakimya. Kikosi cha halmashauri kilikuwa cha mji wake, na diwani aliweza kukiulizia kwenye kikao cha baraza. Jeshi hujibu kwa makamanda wake. Raia wa kijijini, ambaye hana cheo wala sare, hana nafasi kwenye mstari ule wa amri. Akifika eneo la tukio, kwa macho ya askari yeye ni mmoja wa watu wa kulindwa, au wa kuondolewa.

Na askari ana sababu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota, likalipuka, na waliofariki walivuka 100. Hakuna askari wa zimamoto anayesahau jambo lile akiona watu wanakimbilia ajali badala ya kuikimbia. Upande wa pili, jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, wa kwanza kufukua kifusi walikuwa wafanyabiashara na wapita njia. Na mwezi Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro ulipowaka, mamia ya wanakijiji, wanafunzi na wapagazi walipanda na matawi na majembe kusaidiana na askari wa hifadhi na wa zimamoto. Umati unaoua na umati unaookoa hutoka mtaa uleule. Kinachowatofautisha mara nyingi ni kama kuna mtu aliyewaambia mapema nini cha kufanya.

Hapa sina budi kusema juu ya neno lenyewe, kujitolea, kwa sababu kwetu limebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni ule wa asili: mtu anatoa nguvu zake kwa ajili ya wenzake, kama kuchimba kaburi au kumbeba mgonjwa kwa machela hadi barabarani. Wa pili umekuja na ukosefu wa kazi. Kijana amemaliza chuo, anaambiwa "njoo ujitolee", anafanya kazi miaka miwili bila mshahara akingoja tangazo la ajira. Ndiyo maana ukimwambia kijana wa Masasi ajiandikishe kujitolea zimamoto, swali lake la kwanza ni kama atapewa kipaumbele jeshini. Swali hilo ni la haki, na anayemwandikisha anapaswa kulijibu siku ya kwanza kabisa. Nimeona shughuli nyingi za kujitolea zikifa kwa sababu mwenye ofisi alikuwa akisema maana ya kwanza, na kijana akisikia ya pili.

Nchi nyingine zilikwishapita humu. Chile kuna wazima moto wa kujitolea tu, tangu kikosi cha kwanza kilipoundwa Valparaíso mwaka 1851, na wanachama hulipa ada kutoka mifukoni mwao. Ujerumani ina wazima moto wa kujitolea wapatao milioni moja, wakati walioajiriwa ni makumi ya maelfu tu, wengi wao katika miji mikubwa. Marekani, kwa hesabu ya mwaka 2020, ilikuwa na wa kujitolea 676,900, yaani 65 kwa kila wazima moto 100. Msomaji asije akadhani kwamba kujitolea ni jambo la nchi zisizo na fedha.

Lakini mfano wenye mafunzo zaidi ni jimbo la Victoria, Australia. Kule kulikuwa na mamlaka ya zimamoto ya vijijini, CFA, yenye takriban watu 60,000 wa kujitolea na askari wa kulipwa wachache kwa kulinganisha. Miji ilivyopanuka, baadhi ya vituo vikawa na wote wawili chini ya paa moja. Mwaka 2011 bunge la jimbo liliingiza kwenye sheria mkataba wa heshima kati ya serikali na wa kujitolea: washirikishwe katika maamuzi yanayowagusa. Miaka mitano baadaye ukaja mgogoro mkubwa. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kinadai makubaliano mapya ya kazi, na kipengele kimoja kilitaka, katika vituo vile vya mchanganyiko, askari saba wa kulipwa wawe wamefika kabla ya kazi ya kuzima kuanza. Chama kilisema ni usalama: watu saba waliofunzwa ndio wanaotosha kuingia ndani na kuvuta waliojeruhiwa. Wa kujitolea walisikia jambo jingine kabisa, kwamba baada ya miaka ishirini ya kuamka usiku, sasa wao hawahesabiwi kuwa watu. Mwezi Juni 2016 waziri aliyehusika alijiuzulu, na bodi nzima ya CFA ikaondolewa. Mwishowe serikali iliwatenganisha: kuanzia tarehe 1 Julai 2020 askari wa kulipwa wakawa na chombo chao, na CFA ikabaki ya wa kujitolea.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu mzozo ule haukuhusu fedha za wa kujitolea hata kidogo. Hawakuwa wanadai mshahara. Ulihusu kuhesabiwa. Mtu anayejitolea anaweza kuvumilia kukosa posho kwa muda mrefu kuliko ofisi zinavyodhani. Asichovumilia ni kuambiwa kwa maneno au kwa kamba kwamba kuwepo kwake hakuna maana. Na askari wa kulipwa naye ana lake la kuogopa: serikali ikizoea nguvu za bure, siku moja itauliza kwa nini imlipe yeye. Hofu hizo mbili zikiachwa bila kuzungumzwa, huota mizizi hadi kwenye eneo la moto.

Lipo pia swali la mwili. Kijana akianguka kutoka kwenye paa wakati anang'oa makuti ya jirani, nani analipa hospitali? Askari ana mwajiri. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, lakini umejengwa juu ya mfanyakazi ambaye mwajiri wake anachangia. Raia aliyepanda paa kwa sababu alisikia yowe si mfanyakazi wa mtu. Familia yake itachangishana, na akipona na kovu, moto mwingine ukitokea atatazama akiwa ameshika mikono nyuma. Hakuna atakayemlaumu. Ulaya jambo hili limefika hadi mahakamani: mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya mzima moto wa kujitolea wa mji wa Nivelles, Ubelgiji, kwamba saa alizotakiwa kukaa nyumbani tayari kufika kituoni ndani ya dakika 8 zilikuwa saa za kazi. Yaani ukimfunga mtu kwa amri zako, ukampangia akae wapi na afike lini, unakuwa umekwishaanza kuwa mwajiri wake, hata kama karatasi inasema anajitolea. Kwetu hatujafika kwenye malumbano ya saa. Bima ya ajali kwa watu ishirini walioandikwa majina katika kata ingekuwa mwanzo mzuri, na ni gharama ambayo halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho inaweza kuibeba.

Nimetaja korosho, na hapo ndipo ujuzi wa kusini unapohitajika, maana moto wa huku una tabia zake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi ya mbanguaji, na mafuta hayohayo huwaka kwa nguvu na kwa moshi mweusi. Ghala la chama cha msingi cha ushirika katika miezi ya mnada limejaa magunia hadi darini; moto ukiingia katikati ya rundo, maji ya juu hayafiki ndani, na magunia hayana budi kuvutwa moja moja. Hiyo ni kazi ya makuli, watu wanaojua rundo limepangwaje. Kisha kuna salfa. Kila mkulima anayepuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga anaijua unga wake wa njano, na wengi huiweka nyumbani, hata chumba cha kulala, isije ikaibiwa. Salfa inawaka, na moshi wake ni gesi inayobana kifua kwa pumzi chache tu. Jirani anayeingia kuokoa watoto kwenye nyumba yenye mifuko ya salfa bila kujua anaweza asitoke. Askari anayefika bila kuambiwa kwamba ndani kuna salfa yuko katika hatari ileile. Sentensi moja kwenye simu ya 114, "ndani kuna mifuko ya salfa", hubadilisha vifaa watakavyovaa na upande watakaosimama kufuata upepo.

Nikiulizwa kama kuna mahali kusini ambapo mpango wa aina hii umewahi kufanya kazi, nitaonyesha misitu ya vijiji vya Kilwa. Kule wanakijiji wana misitu yao kisheria, na kamati za maliasili za vijiji hupanga uchomaji wa mapema mara mvua zinapokwisha, nyasi zikiwa na unyevu, ili moto wa Septemba usikute chakula. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na kijiji kinachouza mpingo wake kina sababu ya kuamka usiku kuuzima moto. Wanakamati wanajulikana kwa majina, wana mipaka, wana mtu wa kumpigia. Hawaitwi umati. Tofauti yao na vijana wa paa la makuti haiko kwenye moyo, kwa sababu moyo wote wanao.

Kwa hiyo uhusiano mzuri ungeonekanaje kwenye kijiji cha kawaida cha Nanyumbu au Nachingwea? Sidhani tunahitaji kuunda jeshi dogo lenye sare. Mgambo wapo, Msalaba Mwekundu wapo, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kinachokosekana ni uzi wa kuviunganisha na gari la zimamoto. Askari wa wilaya aje mara mbili kwa mwaka, kabla ya kiangazi na kabla ya msimu wa maghala, akae na watu kumi au kumi na watano ambao mkutano wa kijiji umewachagua. Awafundishe kukata umeme kwenye swichi kuu, kufunga mtungi wa gesi, kutenganisha paa, kutomwagia maji mafuta yanayowaka, na wapi pa kuishia: wasiingie ndani palipojaa moshi. Nao wamfundishe yeye visima viko wapi, njia ipi gari linapita wakati wa mvua, nani kipofu au mzee asiyetembea na analala nyumba gani. Hilo la pili nalisisitiza, kwa sababu mafunzo ya serikali kwa wananchi mara nyingi huenda upande mmoja.

Na amri iwe wazi. Kabla gari halijafika, kiongozi ni yule waliyemchagua, si mwenye sauti kubwa kuliko wote. Gari likifika, amri inahamia kwa askari mwenye cheo, papo hapo, na kiongozi wa kijiji anamkabidhi kwa maneno machache: nani bado yuko ndani, kuna nini ndani, maji yako wapi. Makabidhiano hayo huchukua nusu dakika. Baada ya hapo wenyeji wanabaki na kazi waliyopewa, iwe kufungua njia, kushika mpira au kuzuia watu. Kamba ya askari ibaki, kwa sababu ukuta wa udongo uliolowa maji huanguka ghafla. Ila watu wachache wenye kitambaa cha rangi mkononi wawe ndani ya kamba.

Kuhusu malipo, nasema wazi kwamba mtu asiahidiwe ajira ambayo haipo. Apewe nauli akiitwa kwenye mafunzo, glavu, buti, bima, na cheti kinachosema alichojifunza. Ikiwa jeshi litaamua siku moja kuwapa waliojitolea nafasi wanapoajiri, liandikwe na lijulikane kwa wote. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walifanya kazi miaka mingi kwa fadhila za mradi huu na ule, mpaka serikali ilipozindua mpango mmoja wa kitaifa mwaka 2024. Miaka ile ya katikati ilichosha watu wema wengi.

Nilipita tena kijijini kule baadaye. Nyumba ya pili imejengwa upya, sasa ni ya bati. Kisima nyuma ya msikiti bado kina mfuniko na kufuli, kama inavyostahili, maana watoto huanguka. Nilimuuliza mwenye ufunguo kama mtendaji wa kijiji ana namba yake ya simu. Akasema hapana. Tukaenda wote wawili ofisini, tukaiandika kwenye karatasi, na chini yake tukaandika: maji ya mvua, mita 40 kutoka barabarani, gari linafika. Karatasi tuliibandika ukutani, karibu na namba 114.